Kamanda Aliyezama Ziwani

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi wao wamelala Igoma. Miongoni mwa abiria alikuwamo Mmisri mmoja aliyejifanya mfanyabiashara. Huyo ndiye Abu Ubaidah al-Banshiri, mkuu wa mambo ya vita wa kundi la al-Qaeda. Sisi tulikuwa tukiwalilia ndugu zetu, wala hatukuwa na habari naye. Wenzake walikuwa nayo: Wadih el-Hage na Fazul Abdullah Mohammed walisafiri kutoka Nairobi hadi ziwani kuhakikisha kama kweli mkubwa wao amekufa.

Nayakumbusha haya kwa kuwa katika mazungumzo ya wazee hapa Mwanza bado hubishaniwa kama gaidi huwezwa kwa mizinga au kwa upelelezi wa polepole. Wasemao mizinga hawana budi kutazama yaliyofuata. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zililipuliwa, Nairobi wakafa watu zaidi ya 200 na Dar es Salaam 11. Siku 13 baadaye Rais Clinton aliamuru makombora yapigwe Afghanistan na Khartoum. Kule Khartoum kiliteketea kiwanda cha Al-Shifa, kilichokuwa kikitengeneza dawa za binadamu na za mifugo. Dai kwamba kilitumika kwa kemikali za sumu halikupata kuthibitishwa. Osama bin Laden hakuguswa.

Wala hakuguswa Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Zanzibar aliyesaidia kutayarisha bomu la Dar es Salaam katika nyumba ya kupanga huko Ilala. Alikwisha kukimbilia Cape Town, akawa anafanya kazi katika duka la vyakula. Aliyemnasa ni mpelelezi aliyekuwa akipekua majalada ya watu walioomba hifadhi, akaitambua picha yake. Hiyo ilikuwa Oktoba 1999. Mwaka 2001 alihukumiwa kifungo cha maisha New York. Hata hivyo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka mwaka huohuo kwamba kumkabidhi kwa Wamarekani bila ahadi ya kutomwua kulivunja sheria. Napenda sana kwamba walilisema hilo, hata kwa mtu wa namna ile.

Je, basi, wapelelezi ndio walioshinda? Hapo ndipo ninaposita. Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya milipuko, polisi wa Kenya pamoja na Wamarekani walipekua nyumba ya el-Hage jijini Nairobi, wakachukua kompyuta yake. Ndani yake mlikuwa na barua iliyoeleza hofu ya kikundi kile cha Afrika Mashariki kwamba kinafuatiliwa. El-Hage akaondoka kwenda Marekani. Waliobaki waliendelea na shughuli zao, wakakodi nyumba, wakanunua magari, wakasaga baruti. Barua ilikuwa mikononi mwa wakubwa, na mabomu yakalipuka vilevile. Mimi siuiti huo uvumilivu. Mwalimu anayeandika kila siku katika daftari la mahudhurio kwamba mtoto hayupo, asiulize yuko wapi, amefanya kazi ya kalamu tu. Mjane wa mlinzi aliyekufa pale ubalozini angekuwa na haki ya kuuliza: mlikuwa mkingoja nini?

Nguvu nayo ina saa yake. Septemba 2009 makomando wa Marekani waliokuwa katika helikopta walimwua Saleh Ali Saleh Nabhan, Mkenya wa Mombasa, karibu na Barawe nchini Somalia. Dakika zile chache za risasi zilikuwa na maana kwa sababu kuna waliokwisha kujua atapita njia ipi. Ndege zilizopiga kusini ya Somalia Januari 2007 hazikuwa na hakika hiyo, na Fazul akanusurika.

Huyu Fazul, aliyemtafuta mkubwa wake katika ziwa letu, aliuawa Juni 2011 mjini Mogadishu. Gari lake lilifika usiku kwenye kizuizi cha barabarani cha askari wa Serikali ya Somalia, wakarushiana risasi. Alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina lisilo lake, na ilichukua siku kadhaa kabla askari wale kuambiwa wamemwua nani.