Nani Alimwambia Gutmann?

Mwanachuo aandikaye tasnifu juu ya mila za Wachagga huanza, kama ilivyo desturi, na Bruno Gutmann. Mmisionari huyu wa Leipzig alifika Afrika Mashariki mwaka 1902, na kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga, Das Recht der Dschagga, kilitoka mwaka 1926. Basi tanbihi husomeka "Gutmann, 1926", na msomaji huridhika. Sisi twauliza: Gutmann naye aliambiwa na nani?

Jibu moja lajulikana. Kati ya 1913 na 1916 Nathaniel Mtui, Mchagga wa Marangu, alimwandikia Gutmann madaftari ya historia ya Wachagga. Kathleen Stahl, aliyechapisha historia ya Wachagga mwaka 1964, aliyatumia maandishi ya Mtui na kumtaja kwa jina.

Kumtaja si suala la adabu peke yake. Katika karne ya 19 Marangu ya Mangi Marealle na Kibosho ya Mangi Sina zilihasimiana. Habari ya Sina ikitoka kwa mtu wa Marangu haina budi kupimwa kwa mizani nyingine kuliko ile iliyotoka Kibosho kwenyewe. Tukiandika "Gutmann" tu, tumemnyang'anya msomaji mizani hiyo. Atasikia sauti ya Mzungu mmoja mahali ambapo Wachagga wenyewe walikuwa wakibishana.

Kosa hili limo hata katika kazi zetu. Tumesoma, na zamani tuliandika, kwamba "wazee wa usharika wanasema". Wazee wangapi? Wa ukoo gani? Walisema lini, na mbele ya nani? Mzee aliyeridhia kutajwa atajwe kwa jina, kijiji na tarehe, sawasawa na profesa. Wapo wanaojitetea kwa Luka, ambaye mwanzoni mwa Injili yake anakiri kuwa wengi waliandika kabla yake, wala hamtaji hata mmoja. Lakini Luka hakuwa akiomba shahada.

Liko na kosa la upande wa pili. Mwanachuo akishamjua Mtui kupitia kwa Stahl, hushawishika kuandika "Mtui, daftari", kana kwamba amelifungua mwenyewe. Hajalifungua, wengi wetu hatujaliona hata jalada lake. Tanbihi yake na iseme hivyo: Mtui, kama alivyotumiwa na Stahl, na ukurasa utakaotajwa uwe wa Stahl.