Filamu Iliyozuiwa na Nyimbo Zake

Wanaume wawili wananunua injini kuukuu ya gari. Wanaibeba kwa mikono, wanaishusha ngazini hatua kwa hatua huku jasho likiwatoka, mpaka wanaifikisha kwenye pikapu iliyoegeshwa mahali penye mteremko. Wanaiweka nyuma, ukingoni kabisa. Stan anaona haijakaa vizuri. Mwenzake kachoka, kidole kinamuuma, anasema iko sawa, twende. Gari linang'oa, injini inaanguka barabarani, imekwisha. Wanashuka, wanaitazama, wanarudi ndani ya pikapu na kwenda zao. Kamera imekaa nyuma ya gari, nasi tunaiona ile injini ikizidi kuwa ndogo kule lamini.

Hakuna anayetoa hotuba kuhusu umaskini. Hakuna anayelia. Doo ya mshahara imeenda, basi.

Hiyo ni Killer of Sheep, yaani Mchinja Kondoo, filamu ya Charles Burnett iliyokamilika mwaka 1977. Ukisoma wahakiki wa Marekani watakuambia ni mojawapo ya filamu kubwa zilizowahi kutengenezwa nchini mwao. Mwaka 1990 iliwekwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Lakini hebu ngoja: wakati inapewa heshima hiyo, ilikuwa bado haijawahi kuuziwa tiketi kwenye kumbi za kawaida za sinema. Hilo lilitokea mwaka 2007. Miaka 30.

Watu hupenda kumwita Burnett mtu mwenye bahati mbaya. Mimi naona neno bahati linaficha mengi. Milango iliyofungwa mbele yake ilifungwa kwa sababu inayofanana kila mara, na sababu hiyo iko ndani ya namna anavyotengeneza filamu.

Alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1944. Akiwa mdogo familia yake ilihamia Los Angeles, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi waliokimbia Kusini kutafuta kazi na hewa ya kupumua. Walifikia Watts. Mtaa huo ulijaa watu wa Kusini waliokuja na vyakula vyao, imani zao na nyimbo zao za bluzi, wakikaa mjini huku mioyo imebaki ushago. Agosti 1965 Watts iliwaka, watu 34 wakafa, na tangu hapo jina la mtaa likawa la kutisha kwenye magazeti. Burnett kwanza alisomea mambo ya umeme katika chuo cha jiji, halafu akaingia UCLA kusomea filamu.

UCLA ya wakati huo ilikuwa na jambo lake. Baada ya vuguvugu la miaka ya 60, chuo kilifungua mlango kwa wanafunzi weusi, Walatino, Waasia na Wamarekani wa asili, na likatokea kundi la vijana waliokuwa wakitazama filamu za Brazil, Cuba na Senegal kuliko za Hollywood, iliyokuwa hapo jirani tu. Alikuwepo Haile Gerima, kijana wa Gondar, Ethiopia. Alikuwepo Julie Dash, Billy Woodberry, Larry Clark. Alikuwepo pia Walter Gordon, aliyechukua maneno mawili ya Kiswahili na kujiita Jamaa Fanaka. Naye kweli alifanikiwa: filamu yake ya mwaka 1979, Penitentiary, inayohusu ndondi gerezani, iliingiza pesa nyingi sana. Nataja hilo ili usifikirie kundi zima lilikuwa na njaa. Baadaye mhakiki Clyde Taylor akawabatiza Uasi wa L.A., jina tamu ambalo wenyewe hawakulichagua.

Ada ya chuo cha umma California ilikuwa ndogo, na kamera zilikuwa za chuo. Kuendelea kuwa mwanafunzi kulikuwa njia ya kuendelea kushika kamera. Burnett aliingia miaka ya 60 ikielekea mwisho na akatoa tasnifu yake ya uzamili 1977. Mimi niliyeacha chuo mapema nakiri hiyo ndiyo sababu ya maana kuliko zote nilizowahi kusikia ya kukaa shuleni.

Tasnifu hiyo ndiyo Killer of Sheep. Aliiandika, akaiongoza, akashika kamera, akaihariri mwenyewe. Filamu nyeusi na nyeupe, ya milimita 16, iliyopigwa wikendi kwa wikendi kwa bajeti isiyofika dola 10,000. Watoto wa mtaani walishika vifaa vya sauti. Majirani waliigiza. Mhusika mkuu, Stan, ni Henry Gayle Sanders, mwanajeshi wa zamani wa vita vya Vietnam.

Hadithi yenyewe? Stan anafanya kazi kichinjio cha kondoo. Halali usingizi. Hana hamu ya kumgusa mkewe. Ndiyo hiyo. Wanakuja wasee wawili kumtaka aingie kwenye mpango wa uhalifu, anakataa, mkewe anawafukuza kwa maneno makali. Familia na marafiki wanapanda gari kwenda kwenye mbio za farasi, gari linapata pancha, hakuna spea, wanarudi nyumbani wakiendesha juu ya rimu. Rafiki anapomwambia kuwa wao ni maskini, Stan anakasirika: maskini anawezaje kutoa vitu kwa shirika la hisani? Yeye hutoa. Kwa hiyo yeye si maskini.

Sasa fikiria hiyo ni miaka gani. Shaft ilitoka 1971, Super Fly 1972. Hollywood ilikuwa imegundua kwamba mtu mweusi mwenye bastola na koti la ngozi anauza tiketi. Upande mwingine kulikuwa na filamu za kisiasa zenye wafanyakazi wanaoamka, wanaungana, wanashinda. Burnett hakuzitaka njia zote mbili. Alisema mara nyingi kwamba watu aliokua nao hawakuwa na matatizo yanayotatuliwa kwa onyesho la mwisho. Tatizo la Stan halina adui wa kupigwa ngumi. Akiacha kazi watoto watalala njaa, akiendelea na kazi inamla ndani kwa ndani.

Kwa hiyo filamu inakwenda kwa vipande. Vipande vyenyewe vimepangwa kwa akili kubwa, lakini huoni mkono wa mpangaji. Unaona watoto wakirushiana mawe karibu na reli. Wanaruka kutoka paa moja hadi jingine na kamera iko chini, miguu yao ikikata anga. Halafu tunahamishiwa kichinjioni, kondoo wananing'inia kwa miguu. Hakuna anayekuambia ulinganishe. Kichwa cha habari cha magazeti kingesema watoto ni kondoo. Filamu haisemi, inaweka tu picha moja baada ya nyingine na kukuacha na wasiwasi wako. Kuna mtoto wa kike aliyevaa kinyago cha mbwa, amesimama uani. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi na bado sijui kwa nini inanikaba koo.

Halafu kuna dansi. Stan na mkewe, anayeigizwa na Kaycee Moore, wanacheza polepole dirishani, yeye kifua wazi, huku Dinah Washington akiimba This Bitter Earth. Kamera haisogei. Mke anambembeleza, anamshika mgongo, anataka mume wake arudi kutoka popote alipo. Wimbo unapokwisha, Stan anajitoa mikononi mwake na kuondoka. Ndoa nzima imo humo.

Na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Burnett alijaza filamu yake nyimbo alizokua nazo: Dinah Washington, Paul Robeson, Louis Armstrong, Etta James, Little Walter, Earth, Wind & Fire. Alitaka iwe kama historia ya muziki wa watu wake, ya kusikika na watoto watakaokuja. Alikuwa mwanafunzi, hakununua hakimiliki. Mwanafunzi gani angenunua? Filamu ilikuwa ya kuonyeshwa chuoni, kwenye makumbusho, matamasha, kumbi za jamii. Ilizunguka huko, mwaka 1981 ikapata tuzo ya wahakiki Berlin, na kila msambazaji aliyevutiwa alijikwaa kwenye swali lile lile: nani atalipa nyimbo? Hatimaye hifadhi ya filamu ya UCLA ilipoitengeneza upya na kampuni ndogo ya Milestone kuamua kuitoa, gharama ya nyimbo ilifika kama dola 150,000, na mwongozaji Steven Soderbergh alikuwa mmoja wa waliochanga. Yaani nyimbo ziligharimu mara 15 ya filamu yenyewe. Na bado wimbo mmoja ulikosekana. Mwishoni Burnett alikuwa ameweka Unforgettable wa Dinah Washington; toleo la 2007 lilibidi lirudie This Bitter Earth.

Utasema hayo ni mambo ya karatasi tu. Sawa. Tazama zilizofuata.

My Brother's Wedding, 1983: kijana wa Watts amenaswa kati ya harusi ya kaka yake aliyepanda ngazi ya maisha na mazishi ya rafiki yake wa mtaani. Watayarishaji walipeleka kwenye tamasha New York toleo ambalo Burnett hakuwa amemaliza kulihariri. Ukatoka uhakiki wa vuguvugu kwenye New York Times, wasambazaji wakapotea. Alikuja kulihariri upya 2007, akapunguza zaidi ya nusu saa, na ikawa filamu nyepesi yenye kuchekesha.

To Sleep with Anger, 1990, ndiyo ninayompa mtu asiyemjua Burnett. Danny Glover, ambaye jina lake lilisaidia kupata pesa, ni Harry, mgeni kutoka Kusini anayebisha hodi kwa marafiki wa zamani Los Angeles na kukaa. Na kukaa. Ana adabu zote za mzee wa kijijini, na nyumba inaanza kuoza kuanzia siku alipoingia. Mtoto anapogusa miguu yake kwa ufagio, Harry anashtuka. Msomaji mwenye nyanya haitaji kuelezwa jambo la ufagio. Watazamaji weupe walihitaji, na filamu haikuwaeleza. Ilisifiwa, ikampa Burnett tuzo za uongozaji na uandishi za Independent Spirit, ikawekwa kwenye kumbi chache bila matangazo ya maana. Mwaka uliofuata Boyz n the Hood ya John Singleton ikatoka na kujaza kumbi. Ni filamu nzuri, siidharau. Lakini ina bastola, ina kijana anayepaswa kuokolewa, ina mahali pa kulia. Muuzaji anajua bango lake litakuwaje.

The Glass Shield, filamu yake kuhusu polisi mweusi ndani ya kituo kilichooza, iliangukia mikononi mwa Miramax katikati ya miaka ya 90. Walitaka mwisho ubadilishwe, na kwenye matangazo wakamtanguliza Ice Cube, ambaye sehemu yake ni ndogo. Baada ya hapo Burnett alifanya kazi nyingi za televisheni, na usizidharau: Nightjohn, 1996, ilitengenezwa kwa Disney Channel, inahusu mtumwa anayefundisha watoto kusoma, na ni kali kuliko filamu nyingi za utumwa zenye bajeti kubwa. Carl Lumbly, aliyeigiza mtumwa huyo, ndiye baadaye aliyeigiza Sam Nujoma kwenye filamu ya Burnett kuhusu ukombozi wa Namibia.

Kuna iliyoumia zaidi ya zote. The Annihilation of Fish ilionyeshwa Toronto 1999: James Earl Jones ni Mjamaika anayepigana mieleka na pepo asiyeonekana, Lynn Redgrave ni mwanamke anayeamini ana mapenzi na Puccini, mtunzi wa opera aliyekufa zamani. Wazee wawili wanapendana. Uhakiki mmoja mbaya katika jarida la Variety ukaizika. Wakati huo Burnett alikuwa na tuzo ya MacArthur ya mwaka 1988 mfukoni. 2017 akapewa Oscar ya heshima. Filamu hiyo iliingia kumbi za Marekani Februari 2025. Redgrave, Margot Kidder na James Earl Jones, nyota wake watatu, walikuwa wameshafariki. Mwongozaji alikuwa anakaribia miaka 81.

Mwaka huo huo Killer of Sheep ilitoka tena, imesafishwa upya, na hakimiliki ya wimbo uliokosekana ikiwa imepatikana. Ukiitafuta, angalia usipewe lile toleo la 2007. Kwenye hili jipya Stan anawaswaga kondoo kuelekea kisuni, na anayesikika juu yao ni Dinah Washington akiimba Unforgettable, kama Burnett alivyopanga akiwa mwanafunzi.