Remmy Ongala: mtoto wa Kivu, sauti ya Dar es Salaam

Masisi na Walikale, swali «unatoka wapi?» si la salamu. Limefukuza watu mashambani kwao, limeua wengine. Kwa wanamuziki swali hilo limekuwa na jibu lingine, na Remmy Ongala ni mfano mzuri.

Remmy alizaliwa Kindu mwaka 1947. Leo Kindu ni makao makuu ya Maniema, lakini zamani ilikuwa ndani ya mkoa mmoja mkubwa wa Kivu, pamoja na Masisi na Walikale. Mkoa huo uligawanywa sehemu tatu mwaka 1988. Mtu wa Walikale akivuka mpaka upande wa magharibi anaingia Lubutu ao Punia, tayari yuko Maniema. Akimwita Remmy jirani, hadanganyi.

Njia ya kawaida ya mwanamuziki wa Kongo ilielekea Kinshasa. Kule ndiko zilikokuwa studio: Ngoma tangu 1948, Loningisa tangu 1950. Ndiyo sababu Lingala iliimbwa hata na watu wa milimani wasioielewa. Remmy alielekea mashariki. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kuimba katika Orchestra Makassy, bendi ya Mkongomani mwenzake Mzee Makassy, kisha akaingia Super Matimila.

Kule Kiswahili kilikuwa lugha ya kila msikilizaji. Remmy aliimba juu ya umaskini, juu ya kifo, hata juu ya kondomu, wimbo ambao redio ya serikali ilikataa kuupiga. Watu walimwita Dokta. Mwaka 1989 albamu yake Songs for the Poor Man ilitoka Uingereza. Pale Sinza, kituo cha basi kilipewa jina lake: kwa Remmy. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na Watanzania walimlilia kama mtu wao.

Kinyume chake pia kipo. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, mbali kabisa, karibu na bahari ya Atlantiki. Alipounda bendi yake Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliiita Orchestra Virunga. Wakenya wakacheza muziki wenye jina la volkano ambazo mtu wa Masisi huziona zikiwaka usiku, wakiimbiwa na mtoto wa Matadi.

Siku hizi mtu halazimiki kuhama ili asikilizwe. Innoss'B ni mzaliwa wa Goma, mwaka 1997. Wimbo wake «Yope», aliourudia na Diamond Platnumz wa Dar es Salaam mwaka 2019, ulivuka mipaka kwa telefone tu. Familia zilizokimbia Masisi ziliusikia huko zilikofikia, kwa jirani ambaye kijiji chake hawakijui.