Viza ya kazi ng'ambo: Jinsi ya kumtambua mdhamini halali

FAMILIA nyingi nchini zimewahi kuuza ng'ombe, kukopa katika chama au kuchangisha jamaa na majirani ili kijana wao asafiri kwenda kufanya kazi ng'ambo. Wapo waliofika salama na sasa wanawalipia wadogo wao karo. Wapo pia ambao safari yao ilikomea katika afisi ya wakala jijini, ambayo siku ya kusafiri ilipowadia walikuta imefungwa kwa kufuli na simu ya mwenyewe imezimwa.

Aghalabu tofauti kati ya makundi haya mawili hutokana na jinsi kila mmoja alivyolielewa neno moja: udhamini.

Viza inayodhaminiwa na mwajiri ni kibali ambacho serikali ya nchi ya kigeni humpa mtu kwa sababu mwajiri anayetambuliwa na serikali hiyo amesema kwamba anamhitaji, kwamba atamlipa mshahara uliotajwa na kwamba atawajibika kwa kuwepo kwake nchini humo. Hivyo basi, hatua ya kwanza huwa ya mwajiri, wala si ya mtafuta kazi. Anayetangaza kwamba ana viza za kuuza, na kwamba kazi itatafutwa baada ya kufika, ameyageuza mambo juu chini.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kuna maswali matatu ambayo kila anayetaka kusafiri anapaswa kuyapatia majibu: Mwajiri ni nani? Nani analipia nini? Na je, kazi ikikatika itakuwaje?

MWAJIRI NI NANI?

Uingereza ni mfano mzuri kwa kuwa utaratibu wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mwajiri anayetaka kumleta mfanyakazi kutoka nje sharti kwanza apate leseni ya udhamini kutoka kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo. Majina ya wote wenye leseni huchapishwa katika tovuti ya serikali, na orodha hiyo husasishwa mara kwa mara. Humo mna jina la kampuni, mji iliko, aina ya viza inayoruhusiwa kudhamini na daraja lake, A au B. Mwajiri wa daraja la B huwa amepatikana na kasoro, na hawezi kudhamini wafanyakazi wapya hadi atakapozirekebisha.

Kuikagua orodha hiyo hakugharimu chochote. Hata hivyo, jina kuwemo orodhani si thibitisho kamili, kwani matapeli hujua kuazima jina la hospitali au kampuni halisi. Inafaa mwombaji aitafute tovuti ya mwajiri mwenyewe, achukue anwani iliyo humo, kisha aulize iwapo nafasi hiyo ipo na iwapo barua aliyopokea imetoka kwao. Barua ya ajira inayotumwa kutoka anwani ya barua pepe ya bure, au inayotolewa bila mahojiano yoyote, inafaa kutiliwa shaka.

Mwajiri akishakubali, humtengea mfanyakazi cheti cha udhamini. Ingawa kinaitwa cheti, kwa hakika ni rekodi ya kielektroniki yenye nambari ya kipekee, ambayo mwombaji huinukuu anapoomba viza. Huonyesha jina la kazi, mshahara na tarehe ya kuanza, na sharti itumiwe kuomba viza katika muda wa miezi mitatu tangu itolewe.

Swali la mwajiri lina pacha wake: je, kazi yenyewe ingali inadhaminiwa? Februari 2022, Uingereza ilifungua mlango kwa wahudumu wa kuwatunza wazee na wagonjwa, na wengi kutoka Afrika wakaingia kupitia hapo. Machi 2024 wahudumu hao walizuiwa kwenda na wenzi wao na watoto. Kisha, tarehe 22 Julai 2025, maombi mapya ya kazi hiyo kutoka nje ya nchi yakasitishwa. Kwa hivyo, wakala anayeendelea kuwaahidi watu walio Kenya viza za utunzaji wa wazee Uingereza anauza kisichokuwepo. Siku iyo hiyo, kiwango cha jumla cha mshahara kwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi nyingi zisizohitaji elimu ya kiwango cha shahada zikaondolewa.

Wauguzi hawakufungiwa. Mishahara yao hupimwa kwa viwango vya huduma ya afya ya umma. Mbali na udhamini, muuguzi sharti asajiliwe na baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, jambo linalohitaji mtihani wa kompyuta na mwingine wa vitendo ambao hufanyiwa huko. Aidha, Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba kuhusu wahudumu wa afya. Waajiri na mawakala wa huko hawatakiwi kuja kusaka wahudumu Kenya nje ya mkataba huo, ingawa muuguzi anaweza kumwandikia mwajiri moja kwa moja kwa hiari yake.

NANI ANALIPIA NINI?

Hapa ndipo wengi hunaswa, maana si kila malipo ni ulaghai. Mwombaji wa viza ya Uingereza hulipia pasipoti yake, mtihani wa Kiingereza anapohitajika, uchunguzi wa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na ada ya viza yenyewe, isipokuwa mwajiri ajitolee kumlipia. Wanaokwenda kufanya kazi za afya, elimu na utunzaji huhitaji pia cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Kadhalika, kuna ada ya huduma za afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima. Wahudumu wa afya wamesamehewa ada hiyo.

Lakini mzigo wa udhamini ni wa mwajiri. Ada ya leseni, ada ya cheti cha udhamini na tozo ya kuajiri wageni si deni la mfanyakazi. Ada ya cheti ilipandishwa hadi pauni 525 mnamo Aprili 2025. Tangu tarehe 31 Desemba 2024, mwajiri anayemtwika mfanyakazi mwenye ujuzi ada ya leseni au ya cheti chake anahatarisha leseni yenyewe. Hata hivyo, wapo watu waliotozwa maelfu ya pauni kwa kile walichoambiwa ni bei ya cheti.

Katika nchi za Ghuba, kanuni inafanana na hiyo. Sheria ya Kazi ya Saudi Arabia inamtaka mwajiri agharimie kumleta mfanyakazi, kibali chake cha ukaazi, kibali cha kazi na tiketi ya kurudi kwao mkataba unapokwisha. Mfanyakazi anayekatwa mshahara wa miezi ya kwanza eti kufidia viza anabebeshwa mzigo usio wake.

Jambo la msingi, basi, ni kujua kila shilingi inaenda kwa nani na kwa kazi gani. Ada ya serikali hulipwa kwa serikali na huwa na risiti. Pesa zinazotumwa kwa simu ya mtu binafsi ili "kuharakisha mambo" hazina mwenyewe zinapopotea.

KAZI IKIKATIKA ITAKUWAJE?

Udhamini humfungulia mtu mlango, lakini pia humfunga kwa mwajiri mmoja. Jambo hili mawakala hulizungumzia kwa nadra.

Nchini Uingereza, kazi ikikoma au mwajiri akipokonywa leseni, serikali humwandikia mfanyakazi na kwa kawaida humpa siku 60 za kupata mdhamini mwingine, kubadilisha aina ya viza au kuondoka. Hatari hiyo si ya kufikirika. Serikali ya nchi hiyo ilisema kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta zaidi ya leseni 470 za waajiri wa sekta ya utunzaji, na kwamba zaidi ya wafanyakazi 39,000 walihusishwa na waajiri hao. Wengi walikuwa wamefanya kila kitu kwa njia halali. Kosa halikuwa lao, ila siku za kuhesabiwa zilikuwa zao.

Katika Ghuba, utaratibu unaojulikana kama kafala umekuwa ukimfunga mfanyakazi kwa kamba fupi zaidi. Mwajiri, yaani kafili, ndiye mwenye kibali cha ukaazi cha mfanyakazi, na anayetoroka mateso anaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kugeuka mhalifu kwa siku moja. Yamefanyika mageuzi. Mwaka 2020, Qatar iliondoa sharti la kupata ruhusa ya mwajiri kabla ya kubadilisha kazi, na Machi 2021 ikaanza kutekeleza mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riyali 300 za chakula na 500 za malazi iwapo mwajiri hatoi huduma hizo. Wafanyakazi wa nyumbani wamejumuishwa katika mageuzi hayo. Saudi Arabia nayo ililegeza masharti Machi 2021, lakini mageuzi hayo hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio Wakenya wengi huenda kuwa.

Ndiposa anayekwenda Riyadh kufanya kazi ya nyumbani na anayekwenda kusimamia hoteli mjini humo hawakabiliwi na hatari sawa, hata kama viza zao zimetoka katika ubalozi mmoja.

ULINZI ULIOPO NYUMBANI

Sheria ya Kenya haijamwacha msafiri mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe, utiwe saini na pande zote mbili na kuthibitishwa na afisa wa leba. Kabla ya kuuidhinisha, afisa huyo anapaswa kuhakikisha kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari bila kudanganywa na kwamba afya yake inafaa kwa kazi hiyo. Mwajiri asiyeishi nchini hutakiwa kuweka dhamana. Kumshawishi mtu asafiri kwa mkataba usiofuata utaratibu huo ni hatia.

Mashirika ya kuajiri nayo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Mwombaji anafaa kuthibitisha kwa NEA kwamba shirika limesajiliwa na kwamba usajili wake haujaisha, badala ya kuamini cheti kilichoangikwa ukutani.

Pia ni vyema kupima ahadi kubwa kwa maandishi yaliyopo. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi, na papo hapo ikaenea habari kwamba kulikuwa na nafasi 250,000 zikisubiri Wakenya. Ujerumani ilikanusha idadi hiyo. Makubaliano hayo hayakumwondolea yeyote haja ya kutimiza masharti ya viza ya nchi hiyo, yakiwemo ya ujuzi na vyeti.

KABLA YA KUPANDA NDEGE

Mkataba unafaa kusomwa nyumbani, kwa utulivu na katika lugha ambayo msafiri anaielewa. Uwe umetaja jina na anwani ya mwajiri, aina ya kazi, mshahara na sarafu yake, saa za kazi, siku ya mapumziko, malazi, matibabu na atakayelipia tiketi ya kurudi. Ukibadilishwa uwanjani au baada ya kufika, wa awali ndio ushahidi.

Nakala za pasipoti, viza, mkataba na risiti zote ziachwe kwa mtu wa nyumbani anayeaminika, pamoja na nambari ya simu ya ubalozi wa Kenya ulio karibu zaidi na mahali pa kazi. Pasipoti yenyewe si mali ya mwajiri.

Mwishowe, ni busara kuweka kando akiba ya nauli ya kurudi, hata ikiwa ndogo. Aliyeuza shamba lote ili asafiri hulazimika kuvumilia asiyostahili kuyavumilia, kwa kuwa hana pa kurudia. Mwajiri wa kweli hachukizwi na maswali, na anayemhimiza mtu alipe leo kabla nafasi haijachukuliwa na mwingine huwa amekwisha kulijibu swali la kwanza.