Kalamu ya Muuguzi na Kengele ya Kompyuta



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi wanafunzi mnaosomea uuguzi na udaktari, safari hii historia yetu haihusu vita wala wafalme. Inahusu ile karatasi inayotundikwa kwenye kitanda cha mgonjwa, ambayo wengi wetu tumeiona na wachache tumeisoma. Tutaishia Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Lakini tuanze Madina.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627 Miladia), Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) akaamuru awekwe katika hema ndani ya msikiti ili apate kumzuru kwa karibu. Waandishi wa Sira wanalitaja hema hilo kuwa la Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Kisa hiki tumekisikia mara nyingi katika darsa, kwa kusifu huruma ya Bibi Rufaida, na anastahiki. Ila mwisho wake hauzungumzwi sana. Jeraha lilifumuka, na waliogundua ni watu wa hema jirani, Banu Ghifar, walipoona damu inatiririka kuja kwao wakauliza ni kitu gani hiki. Saad akafariki kwa jeraha lile. Hatumlaumu mtu, ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Tunachotaka mkione ni kwamba mgonjwa anaweza kuwa katikati ya watu wanaompenda, na hali yake ikageuka wasijue.

Katika karne ya 3 Hijria, tabibu Is-haq bin Ali al-Ruhawi aliandika kitabu juu ya adabu za matabibu. Humo alitaka tabibu aandike hali ya mgonjwa kila anapomtembelea, na mgonjwa akifa maandishi yale yakaguliwe na matabibu wengine ili ijulikane kama aliyemtibu alifanya wajibu wake. Ulaya ilichelewa kidogo! Mwaka 1868 Mjerumani Carl Wunderlich alichapisha kitabu kuhusu joto la mwili kutokana na vipimo vya maelfu ya wagonjwa, na tangu hapo ule mstari unaopanda na kushuka kwenye karatasi ukawa jambo la kawaida wodini.

Basi kuandika kulikuwepo. Kasoro ilikuwa katika kusoma. Mwaka 1990 madaktari wa Miami, Marekani, walichunguza wagonjwa 64 ambao moyo ulisimama wakiwa wamelazwa hospitalini. Kwa 54 kati yao, dalili za kuzorota zilikuwa zimeonekana ndani ya saa 8 kabla ya moyo kusimama. Pumzi zimeongezeka, akili imechanganyika, na mara nyingi muuguzi keshaandika. Nani alisoma?

Ndipo Waingereza, mwaka 1997, walipotoa utaratibu wa kutia alama. Kila kipimo kinapewa alama kuanzia 0 hadi 3 kadiri kinavyotoka kwenye hali ya kawaida, kisha alama zinajumlishwa. Mwaka 2012 ukatengenezwa utaratibu mmoja wa nchi nzima, unaohesabu pumzi, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto na fahamu. Jumla ikifika 7, daktari anaitwa kwa dharura. Hauhitaji kompyuta hata moja.

Kompyuta zilipoingia, watu walidhani kazi imekwisha. La hasha. Mwaka 2021 watafiti wa Michigan waliupima mfumo mmoja uliokuwa ukitumika katika mamia ya hospitali za Marekani kutambua sumu ya vijidudu katika damu. Uliwakosa wagonjwa 67 katika kila 100 waliokuwa na maradhi hayo, na huku ukipiga kengele kwa karibu mgonjwa mmoja katika kila watano waliolazwa. Kengele inayolia ovyo, masikio huizoea.

Sarah Rossetti wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye mwenyewe ni muuguzi, alipita njia nyingine. Hakuishia kwenye vipimo, bali aliangalia mwenendo wa muuguzi: anapima mara ngapi kuliko alivyoagizwa, anaandika saa ngapi za usiku, anaongeza maelezo ambayo hakuna aliyemwomba. Muuguzi mwenye wasiwasi hurudi kitandani, na kila kurudi kunaacha alama kwenye faili. Kompyuta ikafundishwa kuusoma wasiwasi huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, kutokana na wagonjwa zaidi ya 60,000: hatari ya kufa ilipungua kwa zaidi ya theluthi pale mfumo ulipotumika. Kwa maoni yetu, mashine imekuja kuthibitisha kile ambacho manesi wazee walikuwa wakikisema siku zote na hawasikilizwi.

Je, na kwetu? Mwaka 2017 yalitokea mambo mawili. La kwanza, watafiti walitoa kipimo cha alama kilichotokana na wagonjwa 5,573 wa Gabon, Malawi, Sierra Leone, Tanzania, Uganda na Zambia, ambacho kinahesabu pia kama mgonjwa anaishi na virusi vya UKIMWI. La pili ni chungu. Katika hospitali kuu ya mafunzo ya Lusaka, watu wazima wenye sumu katika damu na presha ya chini walitibiwa kwa utaratibu wa haraka mfano wa ule wa nchi tajiri, kwa maji mengi ya dripu mapema. Walikufa 48 katika kila 100, na waliotibiwa kwa kawaida ya hospitali walikufa 33. Kumbe kumtambua mgonjwa mapema ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki haiagizwi kutoka ng'ambo.

Sasa Kashikishi. Pana hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, inayohudumia watu wa dini zote katika eneo ambalo malaria ni nyingi sana. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuingia akiwa anazungumza, na kabla ya alfajiri damu imepungua, viganja vimekuwa vyeupe, anahema. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na tangu 2018 wilaya hiyo ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ambako wako wengi wasemao Kiswahili. Muuguzi huenda anasema Kibemba.

Uingereza, kuanzia 2024, imeanza kuzipa familia haki ya kuomba mgonjwa wao aangaliwe upya na timu nyingine ya wataalamu, na kuwauliza kila siku wanamwonaje. Huku kwetu jamaa hawahitaji ruhusa ya kuwepo, maana mama amelala chini kando ya kitanda tangu jana. Anajua kwamba saa mbili usiku mtoto alinyonya na saa nane amekataa, kwamba analia tofauti, kwamba anahema upesi kuliko alivyokuwa. Hayo hayamo kwenye karatasi mpaka amwamshe mwenziwe anayejua Kibemba, waende wote wawili kwenye meza ya nesi wa zamu.