Intaneti ya setilaiti kijijini: gharama za kila mwezi

Intaneti ya setilaiti humfikia mtumiaji bila kutegemea mnara wa simu. Setilaiti za mfumo wa zamani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivyo ujumbe huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Setilaiti za Starlink ziko kilomita 550 hivi, na ucheleweshaji ni mdogo. Huduma hiyo ilianza Rwanda mwezi Februari 2023 na Kenya mwezi Julai mwaka huo.

Bei ya dishi hulipwa mara moja. Kinachomwelemea mfanyabiashara au msafirishaji anayeishi mbali na mji ni malipo ya kila mwezi.

Kifurushi
Nchini Kenya, mwaka 2024 kifurushi cha nyumbani kisicho na kikomo kiliuzwa shilingi 6,500 kwa mwezi, na cha GB 50 shilingi 1,300, kila GB ya ziada ikiwa shilingi 20. Kwa bei hizo, kifurushi kidogo kilikuwa nafuu mpaka matumizi yafike GB 310. Nyumba inayotuma ankara, picha za mizigo na ujumbe wa simu haifikii kiasi hicho; video ndizo humaliza GB.

Umeme
Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100. Likiwashwa saa 24 kwa wati 75, hutumia uniti 54 kwa siku 30. Dishi dogo la wati 30 hutumia uniti 22 hivi. Kwenye sola, betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, huendesha dishi la kawaida saa 8 na dogo saa 20. Kuzima dishi usiku hupunguza gharama hii kwa theluthi.

Mpakani
Leseni ya nchi moja haivuki mpaka. Msafirishaji anayebeba dishi kwenye lori kuingia nchi isiyoruhusu huduma hiyo anaweza kunyang'anywa kifaa. Inashauriwa kuuliza kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi anayokwenda.

Kabla ya kununua, mfanyabiashara ajumlishe kifurushi na umeme, kisha alinganishe na fedha anazotumia kwa bando za simu pamoja na nauli ya kufuata mtandao mjini. Palipo na mtandao mzuri wa simu, bando mara nyingi hutosha.