Kutoka Ombi hadi Sharti: Kulazimisha Toleo la Chini la C++ katika Maktaba za Programu, 1998–2023

Makala haya yanachunguza jinsi waandishi wa maktaba za programu za lugha ya C++ walivyopata uwezo wa kulazimisha toleo la chini la lugha wakati wa kukompaili. Hoja kuu ni kwamba sharti hilo lilipata nguvu pale tu lilipoanza kusafiri pamoja na maktaba yenyewe.

Kiwango cha kwanza cha C++ kilichapishwa na ISO mwaka 1998. Kilitoa makro ya `__cplusplus`, yenye thamani 199711L, ili msimbo utambue toleo linalotumika. Kinadharia, maktaba ingeweza kuisoma na kusimamisha kazi kwa agizo la `#error`. Kiutendaji, shahidi huyo hakuaminika. Kompaila ya GCC ilitoa thamani 1 hadi toleo la 4.7 la mwaka 2012. Ile ya Microsoft iliendelea kutoa thamani ya zamani, na swichi ya kuirekebisha ilikuja mwaka 2018. Aidha, baada ya C++11 kutoka, GCC ilibaki na C++98 kama chaguo-msingi hadi toleo la 6 la mwaka 2016.

Zana ya CMake 3.1, ya mwaka 2014, ilileta sifa ya `CXX_STANDARD`. Hata hivyo, sifa hiyo ilikuwa ombi tu: kompaila isipoliweza toleo lililotajwa, zana hurudi kimyakimya kwenye toleo la nyuma, isipokuwa mwandishi aongeze `CXX_STANDARD_REQUIRED`. Zaidi ya hayo, sifa zote mbili ziliifunga maktaba pekee, ilhali faili zake za matamko hukompailiwa upya ndani ya mradi wa mtumiaji. CMake 3.8, ya mwaka 2017, iliziba pengo hilo kwa `cxx_std_11` na wenzake: sharti likitangazwa kuwa la umma, humfikia kila anayeitumia maktaba.

Uwezo huo una gharama. Red Hat Enterprise Linux 7 ilikuja na GCC 4.8, isiyotimiza C++14, GoogleTest 1.13 ya mwaka 2023 ilidai C++14. Aliyebaki na kompaila hiyo alifungiwa mlango. Pamoja na hayo, makala haya yanashikilia kuwa kukataliwa waziwazi mwanzoni ni haki zaidi kwa mtumiaji kuliko kukubaliwa, kisha kuachwa na makosa asiyojua chanzo chake.